Mwaka Niliokimbia kwa Jina la Jasim

Mageto amekufa. Habari ilinikuta nimeegesha gari nje ya duka la mapazia pale Al Sadd, namsubiri madamu ninayemwendesha, na kabla sijamaliza kusoma ujumbe wa kwanza simu ilikuwa imeshajaa mishumaa na mikono iliyofumbatana. "Lala salama, baba wa vijana." "Shujaa wa riadha, umetuachia pengo." Kundi hilo la WhatsApp ni letu sisi wakimbiaji wa zamani wa Doha, tuliobaki na waliorudi nyumbani, na wengi wa walioandika ni watu ambao Mageto aliwatafuna na kuwatema. Kwetu maiti husemwa mema tu. Sina ugomvi na desturi, lakini mimi sikuandika neno, na sitaandika. Nilizima sauti ya simu, nikaongeza kiyoyozi, na magoti yakaanza kucheza yenyewe chini ya usukani, kama yalivyokuwa yakicheza mwaka ule. Sasa mimi ni mtu mzima mwenye kitambi, shule niliachia darasa la sita na kalamu haijawahi kunipenda, lakini mwaka ule naukumbuka kuliko mwezi uliopita. Kama wengine wanaandika yao, mimi naandika yangu. Habari za ukoo, ng'ombe tuliokuwa nao na kilima nilichopanda nikienda shule, katafuteni kwa wengine. Mimi naanzia pale Mageto aliponyoosha mkono.

Aliunyoosha palepale uwanja wa ndege wa zamani, kabla mizigo yetu haijatoka. "Kijana wangu, nipe hiyo pasipoti nikuwekee. Huku watu huibiwa." Joto lote lile na yeye amevaa koti la buluu lenye vifungo vya dhahabu, kijiti cha meno mdomoni, na maneno hayo aliyasema kwa Kikisii, kwa sauti ya mjomba. Hiyo ndiyo ilikuwa silaha yake. Mtu akikusemesha lugha ya nyumbani ugenini, kiganja hufunguka chenyewe. Nilimpa. Onkoba, jamaa tuliyetoka naye kambi moja ya mazoezi kule Nyamira, mrefu kama mlingoti na mwenye maneno mengi, alimpa huku akimshukuru. Mageto alikuwa wakala. Aliwatafuta vijana wenye miguu huko kwetu, akawapeleka kwenye kilabu kimoja cha hapa, na kilabu kilikuwa na mudir wake, yaani meneja, jina lake Abu Fahad, mtu mpole wa manukato mengi ambaye sikumsikia akipaza sauti hata mara moja. Abu Fahad simlaumu sana. Yeye alichukua alicholetewa mlangoni. Ninayemtaja ni Mageto, na wa pili ni kocha Ridha, mtu aliyevaa saa mbili shingoni na kuziamini kuliko macho yake.

Walituweka kwenye villa moja Al Rayyan, nyumba ya ghorofa yenye geti la kijani. Leo hapo pana kituo cha treni, na nikipita na madamu nyuma ya gari huwa nageuza uso upande wa pili. Miaka ile mji wote ulikuwa umechimbwa. Kila barabara ina shimo, kila shimo lina winchi, na kila tulipotoka kukimbia alfajiri tulikuta njia ya jana imefungwa. Tuliruka mabomba, tukapita kando ya Wanepali waliojifunga vitambaa usoni wakisubiri mabasi yao ya kazi, nao wakatutazama kama mtu anavyomtazama mwendawazimu ambaye hana madhara. Mji ulikuwa na haraka ya kuwa kitu kingine. Ulileta vioo, ukaleta nyasi, ukaleta mchanga wakati mchanga upo, na ukaleta watu wa kukimbia, maana michezo mikubwa ilikuwa inakuja na haikuwepo nafasi ya kulea mtoto mpaka akomae miguu. Siku hizi vijana wetu walinzi na wahudumu wa hoteli wakiniuliza kama ni kweli nilikuwa mwanariadha, nawaambia hapana, nilikuwa fundi wa ujenzi. Tofauti yangu na yule Mnepali ni kwamba zege langu lilikuwa mapaja.

Chumba chetu kilikuwa na vitanda vinne, dirisha lisilofunguka, na kiyoyozi kilichodondosha maji ndani ya karai usiku na mchana. Viatu vya misumari tulivitundika kwenye nondo za dirisha, na harufu ya dawa ya kuchua misuli iliingia mpaka kwenye mkate. Hakuna aliyeweza kutulia. Ukikaa kitandani unasimama, ukisimama unakwenda jikoni, ukifika jikoni unasahau ulichofuata. Tulikuwa kama farasi waliofungwa zizini, na tuliwazidi nafuu kwa kitu kimoja tu, nacho ni Nalongo. Nalongo alikuwa mpishi wetu, Mganda wa makamo, mama wa mapacha, aliyefanya kazi kwenye nyumba za Waarabu miaka mingi mpaka Kiarabu kikamkaa kinywani kama mate. Kila wiki alikwenda Al Mansoura kutafuta unga mweupe wa mahindi kwenye kiduka cha Mhindi mmoja, na usipopatikana alitusongea ugali wa semolina, kitu kinachoteleza hata ukikikunja vipi. "Kuleni," anasema. "Kinachoteleza ndicho kinachokwenda mbio."

"Nalongo, huu si ugali," Onkoba anamjibu. "Hii ni gundi ya mabango."

"Basi bandika midomo yako tupumzike, ssebo."

Nieleze kazi yangu, maana wengi hawaijui. Kwenye mbio ndefu za uwanjani kuna mtu anawekwa mbele kuwavuta wengine kwa kasi waliyopanga. Anachukua upepo kifuani, wengine wanajificha mgongoni mwake, na ikifika katikati au zaidi kidogo anatoka kwenye njia, anajishika kiuno kwenye nyasi na kuwatazama wakimaliza. Tunaitwa sungura. Onkoba alikuwa mkimbiaji. Mimi nilikuwa sungura. Mageto aliniahidi nyumbani, mbele ya watu, kwamba ningevuta nusu ya msimu tu, kisha ningepewa namba yangu na kukimbia mita elfu tano mpaka mwisho. Hilo ndilo nililitaka mwaka ule wote. Sikutaka gari wala jumba. Nilitaka kuvuka mstari nikiwa na pumzi yangu, na jina langu, Nyariki, lisomwe na kile kipaza sauti kilichokuwa kikilia kama mbuzi. Mwili ulikuwa tayari. Kwenye mazoezi nilikuwa namaliza na Onkoba bega kwa bega, na siku nyingine bega langu lilikuwa mbele, na Ridha anatazama saa yake ya kwanza, anatazama ya pili, halafu anaangalia kwingine.

Ubaya ulianza hivi. Kwenye ligi ya pale kulikuwa na kanuni: kila kilabu kiwe na vijana kadhaa wa nyumbani, yaani wazaliwa wa hapa, kwenye mstari, la sivyo kinakatwa pointi. Lakini nani wa nyumbani atakimbia mizunguko kumi na miwili na nusu kwenye joto lile? Waliandikisha majina na hakuna aliyekuja. Kilabu chetu kilimwandikisha Jasim, mpwa wake Abu Fahad, kijana mnene mwenye adabu ambaye nilimwona mara moja akila aiskrimu ndani ya gari. Sasa Mageto, kwa akili yake yote, akaona njia ya mkato. Sungura hamalizi mbio. Asiyemaliza haandikiwi muda, hapigwi picha, hakuna anayemuuliza swali. Kwa hiyo akanibandika namba ya Jasim kifuani. Msimu mzima Jasim alianza mbio kwa kishindo, akaongoza mizunguko saba, kisha akashika paja na kutoka. Waamuzi waliangalia namba, hawakuangalia uso. Nalongo alikuwa akinipokea mlangoni na kuniuliza, "Jasim, paja limeamkaje?" na villa nzima inacheka, na mimi nacheka nao, kwa sababu ningefanya nini. Lakini nikilala nasikia miguu inapigapiga shuka. Ulikuwa mchezo wa watu wanaojua riadha vizuri sana, wakasahau jambo moja dogo, kwamba mtu anayeweza kukimbia saba kwa kasi ile huenda akaweza na nane.

Katikati ya msimu Onkoba alibadilishwa. Ndivyo tulivyosema, kubadilishwa, kama taa. Walimwita ofisini, Mageto akamweleza kwa Kikisii kwamba ni karatasi tu, atakimbilia taifa hili kwenye michezo mikubwa, atapata jina jipya, mshahara wa maisha, na siku akichoka anarudi zake kuwa alivyokuwa. Hakumwambia kwamba enzi hizo kwetu sheria ilikuwa moja: ukichukua uraia wa watu, wa kwako umekwisha. Siku ile kilabu kilituletea sinia la wali na mwanakondoo mzima, tukakaa chini kulizunguka, na Nalongo akasimama mlangoni na jagi la maji.

"Rashid! Njoo unawe."

Watu wanaangaliana.

"Rashid!"

"Nani huyo?" Onkoba akauliza, mdomo umejaa.

"Ni wewe, bwana."

Tulicheka mpaka wali ukatoka puani. Onkoba alicheka kuliko wote, kisha akanawa polepole, na nikaona anaitazama mikono yake kama imeletwa na mtu mwingine. Baada ya kula nilimuuliza kama amemwambia mama yake. "Nimemwambia nimepandishwa cheo," akasema. "Si ni kweli?" Tangu hapo nilimwita Onkoba tukiwa wawili na Rashid tukiwa na watu, na kila nilipokosea Ridha alinikimbiza mzunguko wa ziada.

Namba yangu haikuja. Nusu ya msimu ikapita, robo ya mwisho ikaanza, na kila nikimuuliza Mageto ananigusa bega. "Nyariki, kijana wangu, subira. Ninalishughulikia." Jioni moja yeye na Abu Fahad walikuwa majlisini, sebule ya wageni, wanakunywa gahawa, na mimi nilikuwa jikoni, ng'ambo ya ukuta, nammenyea Nalongo vitunguu kwa sababu mikono nayo ilikuwa imeshindwa kutulia. Nilisikia jina langu likipita katikati ya Kiarabu. Nalongo aliacha kukoroga. Uso wake ulibadilika, na nikamwambia, nitafsirie, dada, nitafsirie hivyo hivyo.

"Mudir anauliza," akanong'ona, "huyu mfupi mbona hatumpi mbio, saa zinasema anaweza." Akasikiliza. "Mageto anasema hapana. Anasema mwache alivyo. Anasema sungura mzuri ni adimu kuliko mshindi, ukimwonjesha kumaliza hatavuta tena." Akasikiliza tena, kisha akarudi kukoroga kwa nguvu.

"Na nini kingine?"

"Mengine mchuzi umemeza."

Nimekuja kufanya kazi na mabosi wa kila aina, wa Kihindi, wa Kilebanoni, wa hapa, na hakuna aliyewahi kuniumiza kama sentensi ile ya mtu wa kwetu. Aliyenifungia mlango hakuwa mgeni. Mgeni alikuwa ndiye aliyeuliza kwa nini umefungwa.

Mbio za mwisho za msimu zilikuwa zimewekwa baada ya swala ya alasiri, lakini wakubwa walichelewa na jua likashuka tukiwa bado tunajinyoosha. Jukwaani kulikuwa na viti vyekundu vya wageni, na watu wachache, wafanyakazi walioletwa kwa mabasi kujaza nafasi, wamepewa maji na bendera ndogo. Mpango ulikuwa wazi: mimi, yaani Jasim, nivute mizunguko saba kwa kasi ya kuua, Onkoba, yaani Rashid, achukue kutoka pale na ashinde mbele ya wakubwa. Ridha alinishika mashavu kwa mikono miwili. "Saba," akasema. "Saba, khalas." Nikamwambia, "Tayyib, kocha." Na niseme ukweli, wakati namjibu sikuwa nimeamua kitu. Watu hupenda kuniuliza niliamua lini. Miguu ndiyo iliamua, mimi niliarifiwa.

Bunduki ikalia. Nikaenda mbele, upepo wa moto usoni kama umefungua mlango wa jiko la mkate. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, nasikia viatu vya Onkoba nyuma yangu vinakwaruza, nasikia pumzi za wengine zinaanza kuchanika na kubaki. Ridha yuko kwenye kona, anapiga kelele za saa. Kwa kawaida ikifika wa sita mwili wa sungura hujua umebakiwa na kidogo, na hujiachia, kama punda anayeona nyumbani. Siku ile mwili haukuona nyumbani. Wa saba ukafika, Ridha akaingia karibu na njia, anapunga mkono kuelekea nyasi, toka, toka. Niliziangalia nyasi zile. Nilikuwa nimezikalia msimu mzima, nilijua mpaka mahali zilipoungua. Nikapita.

"Toka!" Onkoba akaniambia kwa Kikisii, mgongoni.

Nikashika njia ya ndani.

"Wewe bwana, umehesabu vibaya, toka!"

"Sijahesabu vibaya," nikamwambia.

Kisha nikamsikia akicheka, kicheko kifupi cha mtu asiye na pumzi ya kucheka. "Haya," akasema. "Basi twende." Na tulikwenda. Ridha alikimbia kandokando yetu akipiga filimbi mpaka mwamuzi akamsukuma. Jukwaani wale wafanyakazi hawakujua lolote kuhusu sungura wala Jasim, waliona tu wembamba wawili weusi wameachana na dunia, wakasimama na bendera zao. Mzunguko wa mwisho Onkoba alikuja begani kwangu, nikaona mdomo wake umeachama, nikafikiri nimekwisha. Sikuisha. Nilivuka wa kwanza kwa kifua, yeye kwa hatua moja nyuma, tukaangukiana. "Ungeniambia mapema," akahema, "ningeokoa kidogo kwa ajili ya mwisho." Hakukasirika. Katika watu wote wa mwaka ule, yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kukasirika, na hakukasirika.

Ndipo kipaza sauti kilipolia. Kilisoma jina la mshindi mara mbili, Kiarabu kisha Kiingereza. Jasim. Jasim wa kilabu chetu, kijana wa nyumbani, amewashinda wote, na kwa muda ambao hakuna kijana wa nyumbani aliyewahi kuukimbia. Kwenye viti vyekundu watu walisimama wakakumbatiana. Niliona Abu Fahad anapongezwa kwa kugusana pua, na uso wake umekuwa mweupe kama kanzu yake, kwa sababu afanyeje? Akisema siye, kilabu kinafutwa. Akinyamaza, mpwa wake ni bingwa. Mageto alinifikia kabla sijasimama vizuri, akanifunika kichwa kwa taulo kama mwizi na kunisukuma kwenye njia ya chini ya jukwaa. Kijiti cha meno kilikuwa kimemtoka. "Umeniua," akasema. "Mjinga wewe, umeniua." Medali ilichukuliwa na mjomba mwingine kwa niaba ya bingwa, ambaye ilitangazwa kwamba paja limemsumbua. Jasim mwenyewe, niliambiwa baadaye, alipigiwa simu za pongezi mpaka akazima simu na kulia. Simlaumu. Nadhani yeye na mimi ndio pekee tulioaibika siku ile.

Wiki zilizofuata walinifungia villa. Hakuna aliyenipiga wala kunitukana, nilinyimwa mazoezi tu, na kwa mkimbiaji hiyo inatosha. Nilizunguka ua mpaka Nalongo akaniambia nitamchimbia kisima. Kisha wakapata suluhu, na suluhu ilikuwa mimi. Mageto aliniita ofisini, Abu Fahad yupo, gahawa ipo, tende zipo. Kwa mara ya kwanza aliniongelesha kwa Kiswahili badala ya Kikisii.

"Nyariki, una bahati usiyoistahili. Mudir anakusamehe. Utabadilishwa. Utachukua jina la Jasim, si huyu, Jasim mwingine, wataandika kwamba wawili walichanganywa kwenye namba. Ushindi unabaki wako. Unakimbia mpaka mwisho, kila wiki. Si ndicho ulicholilia?"

"Nitakimbia kwa jina langu?"

"Jina ni nini? Utakula jina? Onkoba yuko wapi, amekufa?"

Onkoba hakuwa amekufa, lakini asubuhi ile ile alikuwa amepata habari kwamba mama yake amefariki. Alikuwa ameketi jikoni, Nalongo amemshika kichwa, na hata kulia alikuwa hajaanza, kwa sababu alikuwa bado anauliza maswali. Kutoka nchini alihitaji ruhusa ya kilabu. Hiyo Abu Fahad aliisaini mara moja, kwa heshima, akampa na siku za kurudi. Ni Ridha aliyelalamika, kwamba michezo iko karibu na matanga yatamharibia miguu. Lakini kilichomchanganya Onkoba ni pale karani wa kilabu alipomwuliza kama ana viza ya Kenya. "Viza ya nini?" alikuwa akiniuliza. "Nyariki, viza ya kwenda kwa mama?" Kwa hiyo Mageto aliponiuliza jina ni nini, nilikuwa nimetoka jikoni, na jibu nilikuwa nimelikuta huko. Nilimwambia Abu Fahad moja kwa moja, kwa Kiarabu changu cha uwanjani, la, shukran, nataka kurudi nyumbani nikiwa mimi. Nadhani yeye alielewa. Mageto ndiye aliyegonga meza.

Adhabu yangu aliitimiza vizuri. Viza ya kazi ilifutwa, pasipoti nikarudishiwa, tiketi ikakatwa ndege moja na Onkoba, na kabla sijafika habari ilikuwa imeshasambazwa kwenye kambi zote za kwetu kwamba Nyariki ni mharibifu, sungura asiyetoka. Hakuna kocha aliyenichukua tena. Nilichunga ng'ombe za watu, nikabeba mawe, nikajifunza udereva, na baada ya miaka nikarudi Doha hii hii kuendesha gari la watu wengine, mji umemaliza kuchimbwa na hauna kumbukumbu. Katiba mpya ilipokuja nyumbani, uraia wa nchi mbili ukakubaliwa, na siku hizi vijana wanabadilishwa na kubadilika tena kama wanavyobadili laini ya simu. Goti la Onkoba lilipoisha, kilabu kiliacha kupokea simu zake. Leo analima migomba Nyamira, na ni yeye aliyeweka mshumaa wa kwanza kwa ajili ya Mageto. Moyo wake ni mkubwa kuliko wangu. Mimi nikiwekwa kwenye mizani, niko tayari kuonekana mdogo.

Lakini nimalize mwaka. Tulitua Nairobi asubuhi, macho yamevimba, yeye amevaa koti jeusi aliloazima kwa mmoja wa wenzetu wa villa, mikono mifupi kwake. Pale ndani njia hugawanyika: wenyeji huku, wageni kule. Tulitembea pamoja mpaka kwenye kamba, tukasimama. Onkoba akataka kunifuata, askari akaiona rangi ya pasipoti mkononi mwake na kumwelekeza kwa adabu upande wa pili. Mimi nilipita haraka. Binti wa dirishani aliangalia kitabu changu kilichokunjika, akagonga muhuri na kusema, "Karibu nyumbani, kaka," bila hata kuniangalia, na sijawahi kusikia neno tamu linalosemwa ovyo namna hiyo. Nikasimama ng'ambo ya vidirisha, na mizigo yetu yote miwili miguuni, nikimtazama. Alikuwa katikati ya mzee wa Kizungu mwenye kofia ya kwenda kuona simba na mkewe aliyeshika ramani. Foleni ilikwenda polepole. Alipofika mbele, ofisa alimsalimia kwa Kiingereza, naye akajibu kwa Kiswahili.

"Ah!" ofisa akafurahi. "Bwana Rashid, unakiongea vizuri sana. Umejifunzia wapi?"

Onkoba akavuta mikono mifupi ya koti.

"Umekuja kutembea?"

"Nimekuja kuzika."

"Pole sana." Ofisa akaandika. Alikuwa mtu mzuri, sina neno naye. "Na mwenyeji wako hapa Kenya ni nani? Lazima tuweke mtu."

Onkoba akageuka polepole, akaninyooshea kidole mimi.